Sema Jina Lako Kamili: Tunasoma Mwongozo wa WHO wa Kuchukua Damu Tukiwa Upande wa Mgonjwa

Naomba nianze na mama yangu, halafu ndo tuje kwenye kitabu.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza hospitali kwa vipimo vya kawaida. Alikuwa analalamika uchovu, si jambo la kutisha. Nje ya maabara tulikaa kwenye benchi na watu kama ishirini. Mlango ukafunguka, kijana mwenye koti jeupe akaita jina la mama, la kwanza tu. Jina lenyewe ni la kawaida mno. Ukiliita sokoni wanageuka watu watano. Mama akainuka. Kijana akasoma kwenye karatasi haraka haraka, "Wewe ndiye fulani wa fulani?" Mama akajibu, "Ndiyo, daktari." Akakaa, akafungwa mpira, akachomwa, akapewa pamba, akatoka. Dakika tatu hazikuisha.

Mchana majibu yakatoka: himoglobini 5.1. Daktari akaitazama karatasi, akamtazama mama, akairudia karatasi. Kwa mwanamke mtu mzima asiye mjamzito, WHO huhesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Mwenye 5 kwa kawaida anachoka hata kwa hatua chache. Mama alikuwa amepanda ngazi mwenyewe huku akinisimulia ugomvi wa majirani. Daktari yule, Mungu ambariki, akasema, "Hii damu sio ya huyu mama. Rudieni." Tukarudia. Ikatoka 12.4.

Jioni nyumbani tulilicheka sana jambo hili. Usiku sikucheka tena. Kama ile 5.1 haikuwa ya mama, ilikuwa ya nani? Na damu ya kwanza ya mama, ile nzuri, majibu yake yalikwenda kwa nani? Pale kwenye benchi palikuwa na mwanamke mwingine mwenye jina kama lake. Huyo ndiye aliyekuwa na 5.1. Inawezekana kabisa alipewa karatasi inayosema yuko sawa, akashukuru, akapanda daladala akarudi kwake.

Tuliliambia dirisha la maabara, wakasema watafuatilia. Sijui waliishia wapi. Ila tangu siku ile nimekuwa na swali: utaratibu sahihi wa kumchukua mtu damu unasemaje hasa, na mgonjwa ana nafasi gani ndani yake? Nikaenda kuusoma mwongozo wenyewe.

Kitabu chenyewe

Mwongozo huu ulitolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) huko Geneva mwaka 2010. Unahusu uchukuaji wa damu wa kila aina: kutoka kwenye mshipa wa mkono kwa ajili ya vipimo, kwa mchangiaji damu, kutoka kwenye ateri, kwa watoto wachanga, na ile ya kuchoma ncha ya kidole ambayo wengi wetu tunaijua kwa kipimo cha haraka cha malaria. Umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya na wanaowasimamia.

Niseme wazi kabla sijaanza kukosoa: ni kitabu kizuri. Ni kikavu, hakina mbwembwe, na karibu kila sentensi yake ni amri. Fanya hivi, usifanye vile. Usitumie glovu moja kwa wagonjwa wawili. Usimguse mgonjwa tena pale ulipokwisha safisha. Usirudishe kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Sindano iliyotumika iende moja kwa moja kwenye sefti boksi. Ukijichoma, toa taarifa hapo hapo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina faida zikianza baada ya saa 72. Ukisoma unahisi kwamba nyuma ya kila katazo kuna mtu aliyeumia.

Kwa hiyo ukosoaji wangu si kwamba mwongozo umekosea. Hoja yangu ni kwamba jambo lake muhimu kuliko yote linahitaji watu wawili, na mwongozo umemwandikia mmoja tu.

Unachotakiwa kukiona ukikaa kwenye kile kiti

Hebu tupitie hatua zake kama mgonjwa, maana kwa kweli hii ni haki yako kuijua.

Kwanza, mhudumu anajitambulisha, kisha anakuomba *utaje* jina lako kamili. Sio akutajie yeye. Analinganisha na fomu ya maabara. Anauliza kama una mzio wowote, kama unaogopa sindano, kama umewahi kuzimia ukichukuliwa damu. Hili la kuzimia si udhaifu wala deko. Kuna watu ambao wakiona damu au sindano mapigo ya moyo yanashuka, mishipa inalegea, damu inapungua kichwani, wanaanguka. Akijua mapema atakulaza badala ya kukuketisha, na jambo linaisha.

Halafu anakueleza kipimo gani kinafanyika na anaomba ridhaa yako ya mdomo. Mwongozo unasema wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa wakati wowote kabla damu haijachukuliwa.

Anafunga mpira vidole vinne hadi vitano juu ya pale atakapochoma, mara nyingi kwenye mkunjo wa mkono. Ananawa mikono au kuitakasa, anavaa glovu mpya. Anapaka spiriti sekunde 30, anaacha ikauke sekunde 30. Anakuomba ukunje ngumi. Anaingiza sindano kwa mlalo mdogo, nyuzi 30 au pungufu. Damu ikitosha, mpira unafunguliwa *kabla* sindano haijatoka, na haufai kukaa dakika mbili au zaidi.

Kwa nini wabane muda kiasi hicho? Mpira ukikaa sana, maji ya damu yanavuja kwenda kwenye nyama za jirani, seli na protini zinabaki zimesongamana, na kipimo kinasoma vingi kuliko ulivyo navyo. Vivyo hivyo ile tabia ya kufungua na kufunga ngumi mara nyingi, ambayo wengi tunaifanya tukidhani tunasaidia: misuli ikifanya kazi namna ile inamwaga potasiamu kwenye damu ya eneo lile. Potasiamu ikisomeka juu kwenye karatasi, daktari anaweza kuanza kuhangaika na moyo au figo zisizo na tatizo. Kunja ngumi moja, tulia.

Sindano ikitoka unapewa pamba kavu, unaikandamiza, mkono ukiwa umenyooka na kuinuliwa. Najua. Wengi wetu tumezoea kuambiwa "kunja mkono hapo." Mwongozo unasema usikunje, kwa sababu kukunja kunafanya damu ivilie chini ya ngozi. Ile alama ya bluu uliyokaa nayo wiki nzima ukadhani ulichomwa vibaya, pengine uliitengeneza mwenyewe mlangoni.

Na zile chupa ndogo zenye vifuniko vya rangi si mapambo. Ya zambarau ina EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu ili damu isigande, na inafaa kuhesabu seli. Ya kijivu ina floraidi inayopunguza kasi ya seli kula sukari. Bila hiyo, damu iliyosimama kwenye joto la chumba inapoteza sukari kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na mgonjwa wa kisukari anaweza kusomeka ana nafuu asiyokuwa nayo. Chupa zina mpangilio wa kujazwa pia: EDTA ya zambarau ikichangamana na chupa ya kupima chumvi za damu, kalsiamu inasomeka chini na potasiamu juu. Mwongozo umeweka mpangilio huo kwenye jedwali.

Mwisho kabisa mhudumu anahakiki lebo na fomu: majina, namba ya faili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kuchukua damu. Anakuomba uinuke taratibu, anauliza unajisikiaje, anaangalia kama hutoki damu, anakushukuru na kukuambia neno la kukutia moyo. Ndiyo, na hilo limeandikwa. Nililisoma mara mbili.

Ushirikiano, maana yake nini?

Sasa tuje kwenye hoja.

Mwongozo unasema kwamba ushirikiano wa mgonjwa ni mojawapo ya alama za huduma bora, na kwamba kila mgonjwa apewe maelezo ya wazi, yawe ya maandishi au ya mdomo. Maneno mazuri mno. Kisha unakuelekeza kwenye Kiambatisho F, huko nyuma, kwenye maneno ya mfano ya kumweleza mgonjwa.

Ukifuatilia hatua moja moja ukajiuliza mgonjwa anashirikiana kwa kufanya nini, orodha ni hii: kutaja jina, kujibu maswali, kukubali, kunyoosha mkono, kukunja ngumi, kushika pamba, kuinuka taratibu. Ukiacha hilo la kwanza na ridhaa, yaliyobaki ni ushirikiano wa mkono zaidi kuliko wa mtu.

Tena angalia pale kwenye lebo. Jina linatajwa na mgonjwa mwanzoni. Lebo inahakikiwa mwishoni, na anayeihakiki ni mhudumu peke yake, yule yule aliyeiandika au kuibandika. Katikati pamepita sindano, damu, chupa tatu, simu, mwenzake anayegonga mlango. Mtu pekee mle ndani ambaye hawezi kukosea jina la mgonjwa ni mgonjwa, naye wakati huo yuko hapo hapo, ameshika pamba, hana kazi. Kwa nini asionyeshwe lebo akaisoma?

Wataalamu wa maabara wamesema kwa miaka mingi kwamba makosa mengi ya vipimo hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Mashine siku hizi ni makini kweli kweli. Lakini mashine haijui mama yangu ni nani. Inapima kilichomo kwenye chupa na kuandika jina lililo kwenye lebo, basi. Kama vimetofautiana, itatoa jibu sahihi la mtu asiye sahihi, tena lenye nukta na desimali zake.

Utaniambia: wagonjwa wengine hawajui kusoma, wengine wana homa kali, wengine ni watoto. Ni kweli. Kwa hao mhudumu aisome lebo kwa sauti, na aliyemsindikiza asikilize. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni siku ile, na shahada yangu ya uzamili kichwani, na sikuuliza chochote. Hakuna aliyeniambia kwamba ilikuwa kazi yangu.

"Ndiyo, daktari"

Kuna jambo lingine ambalo mwongozo uliouandikia dunia nzima haukuweza kulibeba, nalo ni adabu yetu.

Maelekezo ni kumwomba mgonjwa ataje jina lake. Lakini kwenye foleni swali linabadilika lenyewe, linakuwa "Wewe ndiye fulani?" Ni haraka zaidi, na linaonekana ni lile lile. Kumbe sio. Swali la kwanza linapima utambulisho. La pili, kwetu, linapima malezi. Mama yangu alilelewa kwamba ukiitwa unaitika, na mtaalamu akikuuliza humkatizi wala humrudishii swali. Alisikia nusu ya majina, koti likawa jeupe, akajibu ndiyo. Angeulizwa kama yeye ni mke wa mkuu wa mkoa nahisi bado angeanza na "ndiyo, daktari" halafu ndo ajirekebishe. Na kijana yule hakuwa daktari, alikuwa mtu wa maabara, lakini kwetu kila mwenye koti ni daktari.

Halafu majina yenyewe. Mwongozo unadhani mtu ana jina la kwanza, la mwisho na tarehe ya kuzaliwa, na hivyo vinatosha kumtenga na wengine. Kwetu mtu anaweza kuwa na jina moja kwenye kitambulisho cha taifa, jingine kwenye kadi ya bima, na mtaani anaitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wengine faili lao limeandikwa jina la mume. Wazee wengi tarehe zao za kuzaliwa zilikadiriwa tu na karani. Ukichanganya na majina ambayo kila ukoo unayarudia kwa kumkumbuka bibi na babu, unapata benchi la watu ishirini ambalo lina majina yanayofanana matatu, na hilo si jambo la ajabu hata kidogo.

Dawa yake ipo, tena ndani ya mwongozo wenyewe: namba ya faili. Vitu viwili vilinganishwe, jina kamili na namba, kila mara. Ila kanuni hii kwetu ingestahili kukaa ukurasa wa mbele, kwa wino mkubwa, badala ya kuwa kitu kimoja kati ya vinne kwenye lebo.

Dakika moja mara watu sitini

Nisimwonee yule kijana. Hebu tupige hesabu. Spiriti sekunde 30, kukauka sekunde 30: hiyo ni dakika moja. Kama asubuhi ana wagonjwa 60, ni saa nzima ya kusubiri spiriti ikauke tu, bado hajajitambulisha, hajauliza mzio, hajaeleza kipimo, hajamtia mtu moyo. Mwongozo unazungumzia mafunzo, vifaa na usimamizi, na umefanya vizuri. Lakini hatua zake zimeandikwa kana kwamba chumbani kuna mgonjwa mmoja na nje hakuna mtu.

Matokeo yake ni kwamba mhudumu anachagua cha kuruka, na hakuna anayemwambia kipi hakirukiki. Akiruka neno la kutia moyo, mgonjwa atanung'unika. Akiruka kukauka kwa spiriti, sindano itachoma zaidi, na usafi wenyewe utapungua, maana spiriti inahitaji ule muda ili iue vijidudu. Akiruka jina, mtu anaweza kufa akiwa nyumbani kwake na karatasi nzuri mkononi. Haya hayalingani uzito. Mwongozo unayapanga kwenye mstari mmoja, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama ngazi. Ningependa toleo lijalo liseme: siku mkizidiwa, haya matatu msiyaguse. Na la kwanza liwe jina.

Damu yote hiyo ya nini?

Kuna swali ambalo nimelisikia kwenye mabenchi ya hospitali mara nyingi kuliko lolote, tena kwa kunong'ona: "Mbona wanachukua nyingi hivyo, wanaipeleka wapi?"

Jibu la namba ni rahisi. Chupa tatu za kawaida kwa pamoja zina kama mililita 15, yaani kijiko kimoja kikubwa cha chakula. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Umetoa sehemu 3 katika kila 1,000. Mchangiaji damu anatoa mililita 450 na anarudi nyumbani kwa miguu yake. Zaidi ya chupa moja ni kwa sababu kila rangi ina kemikali yake, kama tulivyoona. Sehemu itapimwa, kinachobaki kinahifadhiwa kwa muda kisha kinateketezwa kama taka hatarishi.

Lakini swali lile halikuwa la namba. Pwani na bara, wazee wetu walikuwa na neno *mumiani*, watu waliosemekana kukamata wenzao na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya simulizi hizi, *Speaking with Vampires*, mwaka 2000, na hakuzicheka. Alizisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyoishi chini ya ukoloni: mtu mwenye sare anakuja na vifaa usivyovijua, anachukua kitu kutoka mwilini mwako, haelezi, na humwoni tena.

Sasa linganisha na kile kiti cha maabara. Koti jeupe, kifaa usichokijua, damu inakwenda dirishani, maelezo hakuna. Mimi simcheki anayenong'ona. Ananong'ona kwa sababu hatua ya pili ya mwongozo, ile ya kueleza na kuomba ridhaa, imerukwa mbele yake kila alipokwenda. Kuambiwa "usiogope" hakujibu "mnaipeleka wapi." Sentensi mbili zinatosha: tunachukua kijiko kimoja, tunapima hiki na hiki, majibu saa fulani. Mwongozo umeiona nafasi hiyo, na nafasi hiyo ndo inayotupwa kwanza foleni ikirefuka.

Basi ufanye nini?

Mwongozo ni wa wahudumu na utabaki wa wahudumu. Lakini hakuna kinachokuzuia kuingia chumbani ukiwa unaujua. Haya ndiyo ninayoyafanya mimi sasa, na nimemfundisha mama pia, kwa adabu zote.

Kabla hujatoka nyumbani, hakikisha umeelewa kama kipimo kinataka ufunge. Kwa sukari ya kufunga kawaida ni saa 8 bila kula. Maji matupu yanaruhusiwa, chai hata ya rangi hapana. Kunywa maji kunasaidia mshipa uonekane. Kama unatumia dawa, uliza kama uzimeze au usubiri, usiamue mwenyewe.

Ukiitwa, usiitike tu. Sema, "Mimi ni," halafu majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye faili, na namba kama unayo. Hata kama hujaulizwa. Hasa kama hujaulizwa.

Kama umewahi kuzimia, sema kabla ya mpira kufungwa. Uliza, "Tunapima nini leo?" Ni swali la heshima kabisa.

Na kabla hujainuka, ukiwa bado umeshika pamba, mkono umenyooka: "Samahani, naomba nione jina kwenye chupa." Sekunde tano. Mara ya kwanza nilipomwona mama anafanya hivi, dada wa maabara alishangaa kidogo, akageuza chupa, akamsomea kwa sauti. Kisha mgonjwa aliyefuata naye akaomba aonyeshwe ya kwake, maana alikuwa amesikia akiwa mlangoni.

Ukipewa majibu ambayo hayafanani kabisa na unavyojisikia, mabaya au *mazuri*, omba yarudiwe. Hilo la mazuri ndilo tunalolisahau. Mama yangu aliokolewa na daktari aliyeona karatasi na mtu haviendani. Karatasi mbaya kwa mtu mzima wa afya inashtua. Karatasi nzuri kwa mtu mgonjwa haimshtui mtu. Inampa ruhusa ya kurudi nyumbani.

Namfikiria mara nyingi yule mwanamke mwingine. Sina njia ya kumpata. Natumaini alizidi kuchoka kiasi cha kurudi mapema, na kwamba aliyempokea hakuiamini karatasi. Angeulizwa swali moja tu siku ile, aseme jina lake kamili, angelala wodini usiku ule ule akiwekewa damu.